Maua ya Jina la Bachint

Southall, 3 Machi 1991

Shangazi yangu Bachint,

Sat Sri Akal kutoka kwenye baridi hii isiyojua kwamba ni Machi. Mimi mzima, mwanangu Kiran mzima. Jino la mbele limemtoka, na sasa akicheka anafanana na wewe kabisa. Usikasirike, nimesema kwa mapenzi. Mzee Dilbagh mpe salamu, na goti lake nalitia kwenye dua.

Barua yako ya rambirambi ilifika tumeshamaliza kila kitu. Mume wangu Jagtar alikuwa anatoka soko la maua kabla hakujakucha, barabara ina barafu, gari likapinduka. Nimeshaandika sentensi hiyo kwa watu wengi mpaka haina maumivu tena. Ila kuna jambo sikumwandikia mtu. Maua aliyokuwa ameyabeba hayakuharibika. Mama mkwe akasema wateja wa watu wana kosa gani, na siku ile ile tukayatumia.

Na khanda lake nilitengeneza mimi. Nani mwingine? Katika duka letu zima la maua anayejua kutengeneza alama ile ya dini yetu, upanga katikati, duara, na majambia mawili pembeni, ni mimi. Wanawake wamejaa sebuleni wanalia, mimi niko nyuma ya duka nachomeka maua meupe kwenye sponji. Jambia la kushoto likatoka nene kuliko la kulia. Sikulirekebisha. Jagtar angenicheka, akaniita fundi wa kushoto.

Siku hizi watu wetu wamewaiga Waingereza, wanataka maneno ya maua kandokando ya jeneza, herufi moja moja: BABA, KAKA, BIBI. Nimeandika BIBI mara nyingi mpaka mikono inaiandika yenyewe. Juzi nikamwuliza mteja, bibi yako aliitwa nani? Akafikiri, akafikiri, akampigia mama yake simu kuuliza! Nikacheka, halafu nikaona haya.

Sasa nisikilize. Mama mkwe amekuwa mwema. Ananitilia malai, ule utando wa maziwa, kwenye chai. Miaka sita hakuwahi kunitilia hata sukari. Utamu huu unanitisha. Na shemeji yangu Lakhbir, mdogo wake Jagtar, unamkumbuka kwenye picha? Nilipoolewa alikuwa mvulana wa miaka kumi na sita. Kila asubuhi akienda shule nilimshikia ncha ya kitambaa cha kilemba, yeye anashika ncha nyingine, tunavuta mpaka kinyooke. Hana dada, nikataka nimfunge uzi wa rakhi awe kaka yangu. Baba mkwe akakataa, akasema nyumba hii haifungi nyuzi, hayo si ya dini yetu. Basi nikamfanya kaka bila uzi. Leo Lakhbir anakula chumbani kwake. Akinikuta kwenye ngazi anarudi alikotoka.

Jana Mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, mali ya nyumba hukaa nyumbani." Nilidhani anazungumzia duka.

Shangazi, mume wako wa kwanza alipofariki walikutia shuka, ukapewa mdogo wake, Mzee Dilbagh. Nalijua hili tangu utoto kama ninavyolijua jina lako. Lakini hujawahi kuniambia ilikuwaje. Niambie. Nakuomba sana.

Ni mimi wako,
Sharni


Tarn Taran, 9 Aprili 1991

Binti yangu Sharni,

Uishi miaka, wewe na huyo kibogoyo mwenzangu. Nakuandikia nikiwa kwenye mkeka wa makoja, kwa hiyo ukiona doa kwenye karatasi ujue ni maua ya genda, yale ya manjano, si mchuzi. Huku barabara zinafungwa na kufunguliwa na askari kama mlango wa choo cha stendi. Juzi maua yalikaa njiani mpaka yakanyauka, na mbele ya gurdwara watu waliokuja kuomba wakagombania makoja yangu machache utadhani ni mkate. Nyati amezaa. Jike, mzuri, mkaidi kama mama yako.

Nimepata msaidizi, msichana wa jirani. Mikono myepesi, lakini ana pua! Kila ua lazima alinuse kwanza. Nikamchapa kiganjani. Ua ukishalinusa umeshalitumia, Guru utampa makombo? Kesho yake akakata uzi kwa meno. Nikamwambia mate yako yabaki kinywani mwako, mkasi ule pale. Analia, anacheka, anaendelea kutunga. Ataweza.

Kuhusu uliyoniuliza. Mama mkwe wako ni mama yako sasa. Anakutakia heri, na wakwe zako ni watu wanaojulikana. Lakhbir ni kijana mtulivu. Shuka ni stara, Sharni. Mwanamke mwenye mtoto anahitaji paa, na paa unalo, kwa nini uende kunyeshewa? Wangapi wametiwa shuka na wakaishi?

Mimi mbona niko? Mzee Dilbagh hajambo. Anakula vizuri.

Mengine tusiyafukue. Mzee amesimama mlangoni anasubiri, yeye ndiye anayepeleka barua posta.

Shangazi yako,
Bachint


Southall, 15 Mei 1991

Shangazi,

Shikamoo yako ipo, lakini leo naitoa huku nimenuna.

Unajua barua yako ilisomewa wapi? Mezani, kwa sauti, Baba mkwe akiwa amevaa miwani. Kila barua ya kutoka nyumbani inafunguliwa na yeye. Alipofika kwenye "shuka ni stara" alisimama, akarudia. Mama mkwe akalia kwa furaha, akaniwekea kipande cha sukari guru mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. "Umesikia? Hata shangazi yako!" Lakhbir aliinuka, akaacha chapati nzima. Nikabaki na ile sukari mdomoni, siwezi kumeza, siwezi kutema. Shangazi, umenimaliza. Nilikuomba kamba, umeleta fundo.

Wiki iliyofuata Mama mkwe akashuka dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Andika oda," akasema. "Jumapili ya tarehe ishirini na tano Agosti. Kesho yake ni mapumziko, ndugu zetu wa Birmingham wapate kuja. Maua ya kiti cha Guru, meupe na genda. Makoja mawili, mazito." Nikaandika. Nikauliza, kama ninavyomwuliza kila mteja, jina?

Akasema, "Andika sisi."

Basi ndivyo ninavyochumbiwa, kwa oda ninayoiandika mwenyewe. Watatukalisha mbele ya Kitabu cha Guru, ataombwa Mungu, shuka moja itafunika vichwa viwili, na Lakhbir ambaye nilimpakia chakula cha shule atakuwa mume wangu. Nikimfikiria hivyo namwona na begi la shule, siwezi. Si mbaya. Ni mtoto mzuri kabisa, na ndiyo maana.

Nilikataa, usidhani sikukataa. Nilimwambia Mama mkwe jikoni, mama, yule ni kaka yangu. Akajibu, "Kaka kwa mama yupi? Wewe umezaliwa naye wapi?" Halafu akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia baridi, kwamba mlango uko wazi, niende nitakako, lakini Kiran ni damu ya mwanawe na hatoki. "Nimeshazika mmoja," akasema. "Wa pili simpotezi." Na mtoto anampenda bibi yake, Shangazi. Ndiye anayemlisha kila asubuhi.

Jirani yetu Parsin, yule mjane wa nyumba ya mkono wa kulia anayesugua sakafu ya gurdwara, ananiambia kuna nyumba ya wanawake waliokimbia. Nimepita mbele yake. Nilisimama upande wa pili wa barabara, na kila aliyepita ni mtu aliyewahi kununua maua kwangu. Wananiamkia! Nikarudi dukani.

Ukiniandikia tena, andika kwa anwani ya Parsin iliyo nyuma ya bahasha. Na kama huna la kuniambia ila stara, basi usiandike. Mwambie nyati nampa hongera.

Sharni


Tarn Taran, 2 Julai 1991

Sharni wangu,

Barua yako ilikaa njiani hadi nikaomba nisiipate. Nimeipata. Mvua zimeanza, genda zinaoza zikiwa shambani, na mimi nimekaa nyuma ya zizi kama mwizi, naandika kwenye goti. Hii haipelekwi na Mzee. Nampa mke wa muuza samli, anakwenda Amritsar kwa dada yake, ataiposti huko. Ile ya kwanza Mzee aliisoma kabla ya kuibandika gundi. Huwa anazisoma. Anasoma, anakunja vizuri, anapeleka. Ningekuandikia nini?

Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Umesema Jumapili ya tarehe ishirini na tano Agosti. Nilikwenda kuangalia kalenda ya ukutani, ile ya duka la mbolea. Nikavaa miwani ya Mzee nikaangalia tena. Sharni! Watu wenu wa huko hawautazami mwezi? Siku hiyo ni mwezi mpevu wa Sawan. Ni siku ya rakhi, siku ya dada kumfunga kaka uzi. Wamechagua siku kwa mapumziko ya Waingereza, wakasahau mwezi unaowaangalia hapo juu. Mama mkwe wako amekulia kijijini kama mimi. Angekuwa bado anaishi huku asingefanya kosa hilo hata akiwa na homa.

Najua kwa sababu mama mkwe wangu hakulifanya.

Mume wangu alipokufa kwa homa, mimi nina miaka ishirini. Dilbagh alikuwa na kumi na tisa. Hakuwa na dada. Nilimkuta mvulana, nikawa namshonea vifungo, namficha baba yake asimpige. Walipoanza kunong'ona habari za shuka nikasikia. Nikasema moyoni, mwezi wa Sawan uko karibu. Nikachukua vitumba vidogo vya genda, vile ambavyo havijafunguka, nikavitunga kwenye uzi mwekundu. Nikimfunga mbele ya watu, nikamwita kaka, nani atathubutu? Hata mwendawazimu haozwi dada yake. Nikauficha uzi chini ya mtungi wa unga.

Mama mkwe hakuuona uzi. Lakini aliutazama mwezi. Kabla siku haijafika alimtuma Dilbagh kwa wajomba zake huko Patti, eti akavune. Kuvuna nini mwezi wa Sawan, mvua inanyesha? Alimrudisha mwezi umeshapungua. Akashuka kwenye punda, nikamtazama kifundo cha mkono, kitupu. Wiki ile ile wakanitia shuka.

Uzi ulikauka chini ya mtungi. Panya wakala.

Sikwambii ufanye nini. Mimi niliyekuambia shuka ni stara, nina mdomo gani? Nakuambia tu tarehe. Na vitumba, si maua yaliyofunguka. Yaliyofunguka yanapukutika ukikaza uzi.

Choma hii.

Bachint


Southall, 11 Agosti 1991

Shangazi,

Imefika jana. Sikuichoma. Nimeila kwa macho mpaka nimeikariri, ndipo nikampa Parsin aitie kwenye jiko lake.

Siwezi kumwuliza Lakhbir. Hawatuachi tena chumba kimoja hata dakika, eti ni heshima. Na kama ningeweza, ningemwuliza kwa maneno gani? Yeye ni mwana aliyebaki. Mama yake akimtazama tu anainamisha kichwa. Nikisimama mbele ya watu wote na uzi wangu, naye asinyooshe mkono, nitakuwa mjane aliyetukana nyumba, halafu watanitia shuka hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo, na nitakaa chini yake maisha yangu yote na mtu aliyenikana.

Nimeagiza genda. Nimewaambia wanipe na vitumba.

Niombee. Sijui hata uombe nini.

Sharni


Southall, 28 Agosti 1991

Shangazi mpenzi,

Wewe mzima? Nyati? Mzee? Kiran anakusalimu, anasema jino jipya limechungulia.

Jumapili niliamka nikapamba kiti cha Guru. Nimeshapamba harusi za watu, sijawahi kupamba vizuri vile, sijui ni kwa hasira. Makoja mawili mazito nikayaweka kwenye sinia. Uzi wa tatu, ule wa vitumba, nikausokomeza kwenye pindo la mtandio.

Watu wa Birmingham walijaa. Kaka yake Baba mkwe ndiye aliyebeba shuka, nyeupe, imepigwa pasi. Lakhbir alikuja na kilemba cha waridi, kimekaa upande. Alikifunga peke yake, hakuwa na mtu wa kumshikia ncha nyingine. Nilipoona kilemba kile nikajua siwezi, siwezi kabisa, potelea mbali.

Wakatukalisha. Msomaji akafunika Kitabu, akawa anajiandaa kuomba. Nikasimama. Nikasema, "Leo ni mwezi mpevu wa Sawan. Lakhbir hana dada. Mbele ya Guru nimekuja kumfunga uzi kaka yangu."

Nikamwona Mama mkwe akihesabu kwenye vidole, mwezi huu, mwezi ule, na uso wake ukabadilika. Alijua. Hakuna aliyehitaji kumweleza. "Kaa chini!" akasema. "Kaa chini, wewe mwanamke!"

Msomaji akasema kwa adabu kwamba nyuzi hizi si desturi ya hapa. Na Parsin, kutoka upande wa wanawake, na kitambaa chake cha kusugulia begani: "Na kununa je, ni desturi? Mbona mnanuna kila Jumapili? Mwache mtoto amalize!" Kuna bibi mmoja alicheka mpaka akapaliwa.

Lakini Lakhbir hakusogea. Kainamisha kichwa, anatazama zulia. Mimi nimepiga magoti mbele yake na uzi umening'inia mkononi, na hakusogea. Nikasema kwa sauti ndogo, nadhani ni yeye tu aliyesikia, "Kilemba chako kimekaa upande."

Akavua saa.

Aliivua polepole, akaiweka kwenye zulia, akakunja mkono wa shati, akanyoosha mkono wa kulia. Nikafunga lile fundo letu la makoja, lile lisilofunguka. Uzi ukabaki mrefu, mkasi sina. Nisamehe, Shangazi, nikaukata kwa meno. Akaniita "Dada", kwa sauti ya yule mvulana wa shule, na machozi yakamshuka hadi kwenye ndevu. Kaka lazima atoe zawadi. Akajipekua mifuko yote, akatoa pakiti ya peremende iliyokwisha nusu, akanipa.

Mzee wa Birmingham alibaki ameishika shuka kama mtu aliyetumwa kuanua nguo akakuta kamba tupu.

Nyumbani kulikuwa kubaya, sitakuficha. Mama mkwe alisema nimemuua mwanawe mara ya pili, na nikamhurumia, maana anamaanisha. Jioni Baba mkwe akasema, "Uzi si wa dini yetu. Lakini neno lililosemwa mbele ya Kitabu halirudi. Sasa ni binti wa nyumba hii, na binti hafukuzwi, anatafutiwa mume." Basi wanitafutie! Wakimpata wa maana nitamtazama. Na kuhusu Kiran hakuna aliyesema tena lolote. Binti na mtoto wake wako kwao.

Niko bado chumba kile kile, dirisha linatazama ukuta. Mama mkwe amechukua funguo za duka, asubuhi nasimama nje hadi ashuke kunifungulia. Na chai yangu haina malai wala sukari. Nainywa yote.

Jana kwenye ngazi Lakhbir alinipa ncha ya kitambaa. Tukavuta.

Wako,
Sharni


Tarn Taran, 6 Oktoba 1991

Sharni, mwanangu, simba wangu,

Nilisomea zizini, nikapiga ukelele, nyati akamwaga maziwa yote. Mzee akaja mbio na fimbo akidhani ni nyoka. Nikamwambia ni nyoka, amekwenda. Uzi kuukata kwa meno mbele ya Kitabu! Msichana wangu wa makoja nimemsimulia, sasa hanisikii tena nikimkaripia.

Nimefurahi. Nataka ujue kwanza kwamba nimefurahi, kwa sababu baada ya hapo nimelia siku nzima na sikuwa nalia kwa ajili yako.

Uliniuliza mwezi wa tatu ilikuwaje. Nitakuambia mara moja. Mzee Dilbagh hajawahi kuninyanyulia mkono. Amenilisha, amelea wanangu, nikiugua ananikanda miguu. Ni mtu mwema, watu wote wanasema, na hilo ndilo lililoniziba mdomo, maana nitamlalamikia nani? Miaka thelathini na nne nimelala karibu na mdogo wangu. Usiku wa kwanza alikaa pembeni ya kitanda akashika kifungo cha shati lake, kile nilichomshonea mimi, akasema, "Walinituma Patti. Sikujua kwa nini." Hatujalizungumza tena.

Alikuja kujua baadaye, au hakujua? Na angekuwepo siku ile, angenyoosha mkono? Sijui, Sharni. Wako alivua saa. Wewe umeona kwa macho yako. Mimi nimezeeka na sijui.

Nina ombi moja. Nitakapokufa, na bado sijafa, usianze kununua sponji, watoto wangu watapamba jeneza. Sisi tulioona wajukuu tunapambwa hata na mabaluni, utadhani ni harusi. Wataandika MAMA, wataandika BIBI, wataandika mke wa fulani. Wewe uniandikie jina langu. Hilo tu. Mama mkwe aliniita mke wa mkubwa, halafu mke wa mdogo. Dilbagh ananiita mama watoto. Jina langu analiandika postamasta peke yake.

Mzee anaita chai. Nakwenda.

Bachint


Southall, 10 Novemba 1991

Shangazi Bachint,

Sat Sri Akal. Sote wazima. Kiran ameanza kuandika, na Mama mkwe jana aliniambia neno la kwanza tangu Agosti. Alisema, "Funga mlango, baridi." Nimelipokea.

Ombi lako nimelikataa. Utakufa lini? Mimi sina subira hiyo, na nani anajua barabara zenu zitakuwa wazi.

Jumanne nilikata sponji, herufi saba. Sikutumia maua meupe, nimetumia genda tupu, zile nzito, nimezibana mpaka hapaonekani kijani. Lakhbir akanisaidia kuinua. Tumeiweka dirishani mbele kabisa, inaonekana mpaka kituo cha basi. BACHINT. Mama mkwe alisimama nje akaisoma na Kiran, herufi kwa herufi, akaingia ndani, hakusema iondolewe.

Kila anayepita anaingia na uso wa msiba, kichwa amefunika, ananishika mkono. "Pole, binti. Bachint ni nani? Amefariki lini?"

Nawaambia hajafariki. Yuko Tarn Taran, anatunga makoja.

Sharni